Kesho inachimbwa Kailo, lakini haichorwi Kailo

Watu wengi wanaotumia telefone hawajasikia hata siku moja jina la Kailo, teritwari iliyo karibu na Kindu, jimboni Maniema. Lakini madini ya huko yanasafiri mbali kuliko wachimbaji wake. Kasiterite inayeyushwa na kuwa bati, na bati ndilo linaloshikamanisha vipande vidogo ndani ya telefone. Wolframite inatoa tungsteni, chuma kizito kinachowekwa katika moteri ndogo inayofanya telefone itetemeke mfukoni. Koltani, ambayo inachimbwa pia katika Maniema, inatoa tantali, inayosaidia kifaa kutunza umeme kidogo kwa muda mfupi sana. Telefone ikitetemeka Paris, Dubai ao Shanghai, inawezekana kabisa kwamba chembe ya Maniema imo ndani.

Kuna meza moja ambapo Kailo haijakaribishwa: meza ya wale wanaochora telefone ya kesho.

Wabunifu wa makampuni makubwa wana desturi moja ambayo wanainchi wengi wanaiona kuwa mchezo wa matajiri. Wanatengeneza kifaa kisichouzwa. Mara mingi kifaa hicho hakifanyi hata kazi: kimechongwa katika mti, kimekatwa katika karatoni, ao kinaonekana tu katika filme ya dakika chache. Kinaitwa kifaa cha dhana. Kazi yake ni kuonyesha maisha ya miaka kumi ao ishirini inayokuja, ili watu waseme mapema kama wanayataka maisha hayo ao hapana.

Mtu wa Kailo anaweza kuuliza kama mambo hayo yana faida gani kwake. Njia ya kwenda Kindu ni matope wakati wa mvua. Umeme ni wa paneli ndogo juu ya bati la nyumba. Rezo inapatikana hapa, inapotea pale. Swali lake ni la haki, na jibu lipo. Kifaa cha dhana ndiyo njia ya bei rahisi kuliko zote ya kukataa kitu kibaya kabla hakijanunuliwa. Watu wasiopewa nafasi ya kukataa kifaa kikingali karatoni watalazimika kukivumilia siku kitakapofika kikiwa chuma.

Ngoma ilijua sikio la mtu

Ufundi wa kupanga namna mtu na chombo wanavyosikilizana si mgeni katika bonde la Kongo. Wazee wanakumbuka lokole, ngoma ya mti iliyotobolewa mdomo mrefu, iliyopeleka habari za kifo, za ndoa na za mikutano toka kijiji mpaka kijiji. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefanya kazi Yakusu karibu na Kisangani, alichapisha mwaka 1949 kitabu kuhusu ngoma hizo. Alieleza kwamba ngoma haitamki herufi. Inatoa tu sauti ya juu na sauti ya chini, kwa kufuata lugha zetu ambazo zinapandisha na kushusha sauti.

Hapo kulikuwa tatizo, maana maneno mengi yana sauti zinazofanana. Wapiga ngoma walilitatua kwa kurefusha ujumbe. Badala ya neno moja walipiga fungu zima la maneno lililozoeleka, ili msikilizaji wa mbali asichanganye kitu na kingine. Walijua uzaifu wa chombo chao, walijua pia sikio la mtu aliye shambani, na walipanga ujumbe kati ya hayo mawili. Hawakumuomba msikilizaji abadilishe sikio lake.

Leo kazi hiyo ina mashule na mishahara mikubwa huko Ulaya na Marekani, lakini swali lake ni lile lile: nani atashika chombo hiki, yuko wapi, anasikia nini, na akikosea itakuwa namna gani?

Karatoni na kipande cha mti

Mwaka 1968 mtafiti Mmarekani Alan Kay aliwaza kompyuta ambayo mtoto angeweza kubeba mkononi kama kitabu. Wakati huo kompyuta ilikuwa kubwa kama kabati, na nyingine zilijaza chumba kizima. Hakukuwa njia ya kuitengeneza. Kay alikata karatoni, akaunda sanduku bapa, kisha akaweka ndani vipande vidogo vya risasi ili aone uzito gani ungeanza kumsumbua mtu anayebeba. Mwaka 1972 aliandika mpango wote na kuupa kifaa hicho jina la Dynabook. Hakikuuzwa hata siku moja. Hata hivyo, kompyuta za kubeba na tableti zinazoonekana leo katika ofisi za Kindu zina deni kwa karatoni ile.

Miaka ya 1990, Mmarekani mwingine, Jeff Hawkins, alikata kipande cha mti chenye kipimo cha mfuko wa shati. Alitembea nacho. Katika mikutano alikitoa na kujifanya anaandika ndani yake tarehe na majina. Kipande hicho kilimfundisha ni mara ngapi kwa siku mtu anahitaji kifaa cha namna hiyo, na kwa ajili ya mambo gani. Mwaka 1996 kifaa chenyewe, kilichoitwa Pilot, kilitoka na kupendwa sana.

Mifano hiyo miwili inaonyesha faida ya kwanza. Karatoni na mti vinajibu maswali ambayo injinia hawezi kuyajibu akiwa peke yake mbele ya meza: uzito, mfuko, mkono, aibu ya kukitoa mbele ya watu, woga wa kuibiwa. Na mtu akisema hapana, kilichopotea ni karatoni tu.

Kuna mfano wa tatu ulio karibu zaidi na Afrika. Novemba 2005, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa huko Tunis, Nicholas Negroponte alionyesha kompyuta ndogo ya rangi ya majani kwa ajili ya watoto wa inchi maskini. Ilisemwa kwamba itauzwa dola 100. Pembeni ilikuwa na mkono wa kuzungusha ili kutoa umeme pahali pasipo na umeme. Kofi Annan, aliyekuwa katibu mkuu wa Umoja wa Mataifa, alipouzungusha mbele ya kamera, mkono ule ulichomoka. Watu walicheka, lakini tukio hilo lilileta faida. Mkono ulikatika mezani Tunis, haukukatika kijijini mikononi mwa mtoto, na kompyuta ilipoanza kutengenezwa kwa wingi mwaka 2007 mkono huo haukuwa tena. Bei nayo ilikuwa imekaribia dola 200.

Kwa upande mwingine, maswali mazito zaidi yalichelewa: nani atatengeneza kompyuta ikiharibika, na mwalimu atafundishwa na nani? Inchi zilizonunua, zikiwemo Peru, Uruguay na Rwanda, zilijibu maswali hayo wakati mizigo ilikuwa imekwisha kufika. Kifaa cha dhana kilijaribiwa kama chuma na plastiki. Hakikujaribiwa kama kitu cha darasani. Kasoro hiyo raia wa Kongo wanaijua vizuri, maana iliwafikia wao pia.

Mashine iliyofika ikiwa tayari

Desemba 30, 2018, wanainchi wa Kongo walipiga kura kwa mashine. Kwa watu wengi wa vijiji vya Kailo, Pangi ao Punia, ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuweka kidole juu ya kioo cha kugusa, na ilikuwa kwa ajili ya jambo kubwa kuliko yote, kuchagua raisi wa jamhuri na wabunge. Tume ya uchaguzi, CENI, ilinunua mashine zaidi ya 100.000 kwa kampuni Miru Systems ya Korea ya Kusini. Mpiga kura alichagua mgombea kwenye kioo, mashine ikachapa karatasi, naye akaitia karatasi hiyo katika sanduku.

Lazima haki isemwe. Mashine ilikuja kwa sababu ya tatizo la kweli. Katika uchaguzi wa 2011, wagombea walikuwa wengi hivi kwamba pahali pengine karatasi ya kura ilikuwa na kurasa nyingi kama gazeti. Kuchapa na kusafirisha karatasi hizo katika inchi isiyo na barabara ilikuwa mateso. CENI ilikuwa na sababu ya kutafuta njia nyingine.

Tena CENI ilizunguka na kuionyesha mashine kabla ya siku ya kura. Lakini maonyesho hayo yalifanyika wakati uamuzi ulikuwa umekwisha kuchukuliwa. Raia alifundishwa namna ya kugusa. Hakuulizwa mashine iwe ya namna gani. Hapo ndipo kuna tofauti kati ya kifaa cha dhana na mafundisho ya matumizi: cha kwanza kinaleta swali ambalo bado liko wazi, ya pili yanaleta amri.

Matokeo yalionekana. Upinzani uliiita mashine ya kuiba. Usiku mmoja wa Desemba 2018, moto uliteketeza maelfu ya mashine katika depo ya CENI mjini Kinshasa. Siku ya kura, waangalizi wa CENCO, baraza la maaskofu wa Kanisa Katolika, walitaja vituo ambapo mashine zilikwama. Mzee asiyesoma, ao mama ambaye hajawahi kugusa kioo cha namna hiyo, alihitaji mtu wa kumsaidia, na kura inayosaidiwa inapoteza siri yake. Mwaka 2023 mashine zilirudi zikiwa na jina jingine. Pahali pengi kura haikuisha siku moja ya Desemba 20. Iliendelea siku zilizofuata, kwa sababu ya vifaa vilivyochelewa, mashine zilizokataa kazi na batri zilizokwisha.

Itakuwa namna gani kama, miaka miwili mbele ya kununua, mashine kumi za karatoni zingepelekwa katika masoko kumi ya inchi, moja ikiwa Kailo? Picha za wagombea zingechorwa kwa mkono. Kijana mmoja angekaa nyuma ya sanduku na kutoa karatasi, akijifanya kuwa mashine. Kwa siku moja ya soko ingejulikana ni watu wangapi wanakwama, wanakwama wapi, wanaogopa nini, na nani anahitaji sauti ya Kiswahili badala ya maandishi. Ingejulikana pia kama watu wanaamini kwamba karatasi inayotoka ni ile waliyoichagua. Gharama yake ingekuwa karatoni, kalamu, na nauli ya pikipiki.

Watu wakipewa kalamu

Wako watakaosema kwamba mwanakijiji hawezi kuwaza kifaa ambacho hajakiona. Historia inawapinga. Mwaka 2007 kampuni Nokia ilituma watu wake katika mitaa maskini ya Mumbai na Rio de Janeiro, na pia Buduburam, kambi ya wakimbizi wa Liberia nchini Ghana. Waliomba watu wachore telefone wanayoiota. Mkimbizi mmoja alitaka telefone inayogundua mabomu yaliyofukiwa chini ya udongo, ili aweze kurudi kijijini kwao salama. Wengine walichora telefone inayotabiri hali ya hewa, maana hawakuwa na televisheni wala redio. Waislamu waliomba ioneshe upande wa Makka kwa ajili ya sala. Mmoja alichora telefone yenye umbo la chupa ya maji, ambayo ingetunza maji ya kunywa na kuelea juu ya maji ya mvua kubwa.

Hakuna kati ya michoro hiyo iliyouzwa dukani kama ilivyochorwa. Lakini kila mmoja ni barua. Ule wa mabomu unasema mtu anaogopa njia ya kurudi nyumbani, na ule wa chupa unasema maji ya kunywa ni magumu kupatikana. Mtu akiulizwa kwa maneno tu anataka telefone gani, atajibu: nzuri na ya bei ndogo. Akipewa kalamu, anasema maisha yake.

Nokia yenyewe ilikuwa imekwisha kuonja faida ya kuwatazama watu wa namna hiyo. Mwaka 2003 ilitoa Nokia 1100, telefone yenye tochi juu yake na vitufe vilivyofunikwa ili vumbi lisiingie. Ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Katika mashariki mwa Kongo tochi ile iliangazia mashimo, vyoo, njia za usiku na hata vyumba vya kuzalishia. Haikuwa telefone ya ajabu. Ilikuwa telefone iliyojua kwamba usiku kuna giza.

M-Pesa nayo ilijifunza kwa kutazama. Majaribio yalipoanza Kenya mwaka 2005, yalikusudiwa kusaidia watu kurudisha mikopo midogo. Watu walioshiriki wakaanza kutumiana feza wao kwa wao. Safaricom iliona hilo, na ilipozindua huduma mwaka 2007 ilijenga juu ya tabia ile. Mwaka 2012 Vodacom iliileta Kongo, na leo mama anayeuza mchele Kindu anajua kutuma feza kwa mtoto anayesoma mbali. Mawazo ya ofisini yalisahihishwa na vidole vya watu.

Hatari ya ndoto zinazouzwa

Upande wa pili una hoja nzito, na haifai kufichwa. Vifaa vya dhana vinaweza kudanganya. Mwaka 1987 kampuni Apple ilitoa filme iliyoitwa Knowledge Navigator. Ndani yake profesa wa chuo kikuu, katika ofisi nzuri yenye mwanga, anasemezana na kompyuta bapa inayojikunja. Msaidizi mwenye tai anaonekana kwenye kioo, anamkumbusha miadi yake na kumtafutia habari. Filme ile iliongoza mawazo ya wabunifu kwa miaka mingi, na programu za leo zinazojibu kwa sauti ni wajukuu zake.

Lakini nani aliwaziwa pale? Mtu mwenye ofisi, mwenye umeme usiokatika, anayesema Kiingereza safi. Mtu wa Kailo anachanganya Kiswahili cha Maniema na Kifaransa, na nyumbani Kisongola, mara mingi katika sentensi moja. Akisemezana na programu za namna hiyo, yeye ndiye anayelazimika kunyoosha ulimi wake ili mashine imwelewe. Wapiga ngoma wa zamani walifanya kinyume.

Mwaka 2024 kampuni Humane ya Marekani iliuza kidude cha kubandika kifuani, kisicho na kioo, kinachopokea amri kwa sauti na kuangaza maandishi juu ya kiganja. Bei ilikuwa dola 699, pamoja na dola 24 kila mwezi. Kabla ya mwaka kuisha tangu kianze kuuzwa, mali ya kampuni ilinunuliwa na HP kwa dola milioni 116, na Februari 28, 2025, vidude vyote vilizimwa. Wazo lenyewe, la kumtoa mtu macho kwenye kioo, lilistahili kujaribiwa. Kosa lilikuwa kuwauzia watu swali kwa bei ya jibu.

Kwa hiyo raia anahitaji vipimo vitatu mbele ya kila kifaa cha kesho kinacholetwa na kampuni, shirika ao serikali. Cha kwanza: ni mkono wa nani unaokishika katika picha? Cha pili: batri ikikwisha na rezo ikipotea, kinakuwa nini? Cha tatu: watu wakikikataa, kuna mtu atakayebadilisha mpango? Kifaa kinachoshindwa kipimo cha tatu ni matangazo ya biashara, hata kikiitwa jina zuri namna gani.

Etiketi isiyojibu

Kailo ina kifaa kimoja ambacho kinaita kazi hiyo ianze leo. Septemba 2010 serikali ilisimamisha uchimbaji wa mikono katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema, mpaka Machi 2011. Mwaka ule wa 2010 pia Marekani ilipitisha sheria inayoomba makampuni yaeleze madini yao yanatoka wapi. Baadaye mpango wa iTSCi uliingia Maniema. Katika mgodi, wakala wa serikali anapima mfuko, anafunga etiketi ya plastiki yenye nambari, na kuandika katika daftari. Kwa mfanyabiashara, etiketi nyingine inafungwa. Kwa nambari hizo, mnunuzi wa mbali anaweza kufuata safari ya mzigo.

Etiketi ni chombo cha kusemezana, lakini inasemezana na upande mmoja tu. Inamjibu mnunuzi wa ng'ambo. Mchimbaji aliyetoa mfuko shimoni hawezi kuiuliza kitu. Haimwambii mfuko wake ulipimwa kilo ngapi kwenye mizani ya pili. Haimwambii asilimia ya bati iliyoandikwa, wala bei ya bati siku hiyo katika soko la London, ambalo ndilo linaloongoza bei ya dunia. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoamua kama usiku ule watoto watakula.

Sasa iwaziwe telefone ya karatoni katika mgodi wa Kailo. Mchimbaji anaisogeza karibu na etiketi. Mwenzake, aliyekaa pembeni na kujifanya kuwa mashine, anasoma kwa Kiswahili: kilo hizi, asilimia hii, bei ya leo hii. Kisha mjadala unaanza. Je, mchimbaji anataka habari hiyo isikike kwa sauti mbele ya mnunuzi, ao aipate kwa siri baadaye? Asiyejua kusoma atasaidiwa namna gani? Mnunuzi ataruhusu asilimia yake ijulikane? Wakala wa serikali akikosea kuandika, nani atamsahihisha? Hakuna hata swali moja kati ya hayo linaloomba umeme. Yote yanaomba karatoni, mkasi, na watu watakaokaa chini pamoja.

Na hapo faida kubwa zaidi inaonekana. Majibu ya watu yanaweza kuonyesha kwamba telefone haihitajiki kabisa. Huenda kinachotakiwa ni mizani ya pamoja iliyo wazi mbele ya wote, na ubao wa bei unaoandikwa kila asubuhi kwa chaki. Kifaa cha dhana kinachowaongoza watu kwenye ubao wa chaki kimefanya kazi yake vizuri sana.

Mkono wa Mkongomani unaweza

Hoja ya mwisho ya wapinzani ni kwamba kazi hii si ya Wakongomani. Mwaka 2013 Thérèse Izay Kirongozi, injinia mwanamke wa Kinshasa, aliweka katika barabara za mji huo roboti za aluminiamu zinazoongoza magari, zenye kuishi kwa umeme wa jua. Zina kichwa, kifua na mikono kama askari wa barabara. Mtu anaweza kusema taa za kawaida zingetosha. Lakini umbo lile lilichaguliwa na mtu aliyejua madereva wa Kinshasa na aliyejua umeme wa Kinshasa. Ulaya hakuna kampuni ambayo ingelichora.

Ni kweli kwamba Kailo inahitaji barabara, maji, dawa na usalama kabla ya kila roboti. Hakuna mwenye akili anayeomba feza ya hospitali ipelekwe kwenye karatoni. Lakini hata hospitali, maji na usalama sasa vinakuja pamoja na vifaa: daftari za wagonjwa katika tableti, mashine za kulipia maji, kadi za misaada zinazosomwa kwa alama za vidole. Kila kimoja kimechorwa na mtu fulani aliyemwaza mtumiaji fulani. Asiyewaziwa atapanga mstari, atashindwa kutambuliwa na mashine, na ataambiwa arudi kesho.

Chuo Kikuu cha Kindu kina wanafunzi, na Kailo iko karibu. Mwalimu mmoja anaweza kutoa kazi ya muhula: kila kikundi kitengeneze kifaa kimoja cha karatoni, kikipeleke siku ya soko ao mgodini, na kuandika watu walisema nini. Viongozi wa jimbo wanaweza kuomba kwamba kila mradi unaoleta kifaa cha kugusa ao cha kusikiliza sauti uanze na jaribio la namna hiyo katika teritwari moja ya vijijini, na ripoti yake isomwe mbele ya mkataba kutiwa sahihi. Mashirika yanayotumia etiketi za madini yanaweza kukubali kukaa na wachimbaji mbele ya telefone isiyofanya kazi.

Kwa kufuata katiba, uchaguzi mwingine wa raisi unangojewa mwaka 2028. CENI itachagua tena namna ambavyo mamilioni ya watu watasema neno lao. Karatoni ipo, masoko yapo, na muda bado upo kidogo. Kabla ya mashine hata moja kuagizwa, mfano wake ufike Kailo, uwekwe juu ya meza, na mama anayetoka shamba auguse kwanza na kusema anavyoona.